Kuchagua Swichi kwa Mtandao wa Nyumbani Unaokua

Mtahiniwa akiambiwa "taja vifaa vitano vya mtandao", huandika bila shida. Akiambiwa "familia fulani ina vifaa hivi na hivi, washauri wanunue swichi ipi, na utoe sababu", kalamu husimama. Swali la kwanza linataka kumbukumbu tu. La pili linataka ujue kila kifaa kinafanya kazi gani, na hapo ndipo alama hupotea. Katika sehemu hii tutachukua nyumba moja ya mfano, tuipitie kuanzia sebuleni hadi uani, mpaka tuifikie swichi inayoifaa. Somo la kompyuta linatahiniwa kwa Kiingereza na istilahi zake unazo kwenye daftari lako. Hapa tuelewane kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu jambo ulilolielewa huliandiki kwa kubahatisha.

NYUMBA YA MFANO

Fikiria nyumba iliyoko kata ya Bomani, mjini Tarime. Sebuleni ipo ruta yenye tundu moja la kuingizia intaneti na poti nne za kuunganishia vifaa. Poti ni lile tundu la kuchomekea waya wa mtandao. Poti mbili zimekwenda kwenye kompyuta mbili za steshenari ya familia, iliyo kwenye kibanda kando ya barabara, mita 25 kutoka nyumba kubwa. Ya tatu imekwenda kwenye printa hukohuko steshenari. Ya nne imeshika runinga ya sebuleni. Simu za mkononi zinatumia Waifai, kwa hiyo hazihitaji poti.

Sasa mama mwenye nyumba anataka kompyuta yake ya mezani iunganishwe kwa waya. Zaidi ya hapo, wezi wameruka ukuta mara mbili, na familia imeamua kufunga kamera nne za ulinzi pamoja na kinasa chake. Nyuma ya nyumba kuna vyumba viwili vya kupangisha, na wapangaji nao wanaomba intaneti. Matundu ya ruta yamejaa.

Fundi anasema: nunua swichi ya poti nane, kazi imekwisha. Muuzaji dukani anasema: chukua ya poti 24, hutarudi tena. Wote wawili wamehesabu matundu, lakini hakuna aliyeuliza vifaa hivyo vinatumiana nini, vinatumiana na nani, na umeme wake unatoka wapi. Hayo ndiyo maswali yanayochagua swichi.

SWICHI INAFANYA NINI HASA

Simama katikati ya stendi ya Tarime uite "Chacha!" Watageuka watu kumi, na tisa kati yao hukuwahitaji. Hivyo ndivyo habu ilivyofanya kazi: data ikiingia kwenye tundu moja, inatolewa kwenye matundu mengine yote, na kila kompyuta inalazimika kuipokea na kuangalia kama ni yake. Kompyuta mbili zikituma kwa wakati mmoja, data zinagongana na zote mbili zinarudia. Vifaa vikiwa vitatu, shida haionekani sana. Vikiwa kumi, mtandao unakuwa soko.

Swichi inamjua Chacha unayemtaka. Kila kifaa cha mtandao kina anwani ya MAC, ambayo ni namba ya biti 48 inayoandikwa kwa tarakimu 12 za mfumo wa desimali-sita. Data husafiri ikiwa imefungwa kwenye fremu, na kila fremu imeandikwa anwani ya mtumaji na ya mpokeaji. Fremu inapoingia kwenye poti ya 3, swichi husoma anwani ya mtumaji na kuandika kwenye jedwali lake: "huyu yuko poti ya 3." Kisha husoma anwani ya mpokeaji. Ikiwa imeshaandikwa kwenye jedwali, fremu inapelekwa kwenye poti hiyo moja tu. Ikiwa haimo, swichi huituma kwenye poti zote isipokuwa ile iliyotoka, kisha mwenyewe akijibu, anwani yake inaandikwa. Kifaa kikikaa kimya kwa muda (kwa swichi nyingi ni kama dakika tano) kinafutwa kwenye jedwali. Ndiyo maana ukihamisha waya kutoka poti moja kwenda nyingine, swichi haichanganyikiwi kwa muda mrefu.

Zingatia neno "mtumaji" hapo juu. Watahiniwa wengi huandika kwamba swichi hujifunza kwa kusoma anwani ya mpokeaji. Hapana. Hujifunza kwa mtumaji, na huamua pa kupeleka kwa mpokeaji. Ni sentensi mbili, na kila moja inaweza kuwa na alama yake.

Teknolojia ya Etheneti, ambayo swichi hizi zote zinaitumia, ilianza mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, kwa kazi ya Robert Metcalfe na mwenzake David Boggs. Wakati huo kompyuta zote ziling'ang'ania waya mmoja. Swichi ya kwanza ya Etheneti iliingia sokoni mwaka 1990, ikatengenezwa na kampuni ya Kalpana, nayo ilikuwa na poti saba. Leo familia ya Bomani inaweza kuwa na poti nyingi kuliko hizo juu ya kabati.

Usichanganye swichi na ruta. Swichi huunganisha vifaa vya mtandao mmoja. Ruta huunganisha mtandao mmoja na mwingine: mtandao wa nyumbani na intaneti. Ruta ndiyo inayogawa anwani za IP kwa vifaa vya nyumbani. Swichi ya kawaida haigawi anwani yoyote. Kinachowakoroga watu ni kwamba ruta ya nyumbani ina swichi ndogo ndani yake: zile poti nne zilizopangwa pamoja ni swichi, na lile tundu la tano, mara nyingi la rangi tofauti, ndilo la ruta yenyewe.

HESABU YA POTI

Vifaa vya waya katika nyumba yetu ni hivi: kompyuta mbili za steshenari, printa, runinga, kompyuta ya mama, kinasa cha kamera na kamera nne. Jumla ni 10. Fundi alipendekeza swichi ya poti 8. Ruta ina 4, jumla 12, na 12 ni zaidi ya 10, kwa hiyo inatosha na mbili zinabaki?

Hazibaki. Waya unaounganisha ruta na swichi unakula poti moja huku na poti moja kule. Kanuni ni hii: jumlisha poti zote, kisha toa mbili kwa kila waya unaounganisha kifaa cha mtandao na kingine. Kwa ushauri wa fundi tunapata 4 + 8 − 2 = 10. Vifaa kumi, nafasi kumi. Inatosha leo, na kesho akiongezeka mtu na kompyuta yake, tumerudi dukani. Mtandao "unaokua" hauchaguliwi kifaa kinachojaa siku ya kufungwa.

Je, tununue ya poti 16? Tutapata 4 + 16 − 2 = 18, na nafasi nane zitabaki. Lakini swichi hiyo itakaa sebuleni, na nyaya tatu za steshenari zitaendelea kupita uani, kila moja mita 25. Njia bora ni swichi mbili ndogo: ya poti 5 steshenari, na ya poti 8 nyumba kubwa. Poti zote ni 4 + 5 + 8 = 17; nyaya za kuunganisha ni mbili, kwa hiyo tunatoa 4, zinabaki 13. Vifaa ni 10, nafasi tatu ziko wazi, na uani unapita waya mmoja badala ya mitatu.

Kuna faida nyingine kubwa kuliko ya waya. Kompyuta ya steshenari inapotuma kazi kwenye printa, data inaingia kwenye swichi ya steshenari na kutokea hapohapo. Haivuki uani wala haifiki sebuleni. Vivyo hivyo kamera na kinasa chake vikikaa kwenye swichi moja ya nyumba kubwa, picha za usiku kucha zinazunguka humo bila kumgusa mtu mwingine. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, chora mchoro na ujiulize vifaa gani vinatumiana data nyingi. Hivyo ndivyo vinavyokaa kwenye swichi moja. Mtahiniwa anayechora mchoro huo kwenye karatasi ya majibu, hata kwa penseli, huwa ameshajibu nusu ya swali.

KASI: PESA INAKOPOTEA

Kwenye boksi la swichi utaona maandishi "10/100" au "10/100/1000". Hizo ni megabiti kwa sekunde. Kasi ya 100 iliidhinishwa kuwa kiwango rasmi mwaka 1995, na ile ya 1000, yaani gigabiti moja, kwa nyaya za shaba tunazozijua, ilifuata mwaka 1999. Watu hununua ya 1000 wakiamini intaneti yao itakimbia. Tupige hesabu.

Chukua faili la video la gigabaiti 4. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo faili ni gigabiti 32, sawa na megabiti 32,000. Likihamishwa kati ya kompyuta mbili za steshenari:

kwa swichi ya 100: 32,000 ÷ 100 = sekunde 320, yaani dakika 5 na sekunde 20;
kwa swichi ya 1000: 32,000 ÷ 1000 = sekunde 32.

Hii ni hesabu ya karatasini; kazini muda huwa mrefu kidogo kwa sababu sehemu ya kila fremu ni anwani, si faili. Hata hivyo tofauti ni kubwa, na steshenari inayopokea flashi za harusi na mahafali kila wiki itaiona.

Sasa faili hilohilo lishushwe kutoka intaneti, na tuchukulie kifurushi cha familia kina kasi ya megabiti 20 kwa sekunde. 32,000 ÷ 20 = sekunde 1,600, karibu dakika 27. Kwa swichi ya 100 ni dakika 27. Kwa swichi ya 1000 ni dakika 27 zilezile. Maji yakitoka bombani kwa tone, kununua ndoo kubwa hakuongezi maji. Swichi haiongezi kasi ya intaneti. Kasi hiyo inategemea kifurushi na laini inayoingia nyumbani.

Na kamera? Tuchukulie kila kamera inatuma megabiti 4 kwa sekunde. Nne ni megabiti 16. Kinasa kinazipokea zote kupitia poti moja, na hata ikiwa poti hiyo ni ya 100, bado haijafika robo. Basi uamuzi ni huu: steshenari inastahili swichi ya gigabiti, ambayo kwa poti tano ni kifaa kidogo na tofauti ya bei na ile ya 100 si kubwa, kamera hazidai kasi hiyo. Muuzaji akisisitiza gigabiti kwa sababu ya kamera, mwombe akuoneshe hesabu.

Tahadhari moja kuhusu waya. Waya wa mtandao una nyuzi nane, jozi nne. Kasi ya 100 inatumia jozi mbili tu. Gigabiti inataka zote nne. Uzi mmoja ukikatika kichwani, au fundi akibana kichwa vibaya, vifaa viwili vinaweza kukubaliana kushuka hadi 100, na mwenye nyumba hatajua. Taa ya poti huonesha: swichi nyingi hutofautisha kasi kwa rangi ya taa, na maelezo yako kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi. Urefu wa waya mmoja usizidi mita 100. Tumia waya wa daraja la 5e au la 6. Uliza pia kama ni shaba tupu, kwa sababu sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu. Kwangua uzi kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini. Waya huo ni mwepesi, unakatika upesi, na tutaona sasa hivi kwa nini haufai kabisa kwa kamera.

UMEME WA KAMERA NDANI YA WAYA WA MTANDAO

Kamera ya ukutani inahitaji umeme. Unaweza kuvuta waya wa umeme mpaka kwenye kila kamera na kuweka adapta nne na soketi nne chini ya paa. Au unaweza kununua swichi inayotuma umeme ndani ya waya uleule wa mtandao. Kwenye boksi imeandikwa herufi PoE. Kiwango chake cha kwanza kilitoka mwaka 2003 na kinaruhusu poti kutoa hadi wati 15.4; kilichofuata mwaka 2009 kinafika wati 30. Swichi inayofuata viwango hivyo huuliza kwanza kama kifaa kinataka umeme kabla ya kuutoa, kwa hiyo ukichomeka kompyuta ya kawaida haiungui. Hapa ndipo waya wa alumini unapokosa sifa: alumini inapinga umeme zaidi ya shaba, waya unapata joto, na kamera ya mbali inazimika usiku taa zake zinapowaka.

Mtego wa mtihani uko kwenye jumla ya wati. Swichi inaweza kuwa na poti nane zenye PoE, kila moja ikiweza kutoa wati 15.4, lakini adapta yake ikawa na uwezo wa kugawa wati 60 tu kwa jumla. Ukifunga kamera za wati 9: sita zinakula 54, zinafanya kazi, ya saba inataka 63, haiwaki. Poti ipo, umeme haupo. Kwa hiyo soma namba mbili, ya kila poti na ya swichi nzima, na upige hesabu kwa wati kubwa zaidi zilizoandikwa kwenye lebo ya kamera, si za mchana.

Nyumba yetu ina kamera nne. Tuchukulie kila moja inataka wati 6: jumla ni wati 24. Swichi ya poti 8, nne kati yake zikiwa na PoE, yenye jumla ya wati 60, inatosha na inabakiza. Ongeza wati 6 za swichi yenyewe, tunapata 30. Kamera hazizimwi, kwa hiyo 30 × saa 24 = wati-saa 720, yaani uniti 0.72 kwa siku, na uniti 21.6 kwa siku 30. Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la watumiaji wadogo wa TANESCO, wenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hizo ni zaidi ya robo. Familia iambiwe hivyo kabla ya kufunga, wasije wakashangaa LUKU inavyokwisha.

Upande wa pili wa sarafu ni umeme unapokatika. Kwa kuwa kamera zote zinalishwa na swichi moja, betri moja inazilinda zote. UPS yenye betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 12 × 7 = 84. Swichi na kamera ni wati 30. Ongeza ruta, tuseme wati 10, inakuwa 40. 84 ÷ 40 ni kama saa mbili karatasini, na chini ya hapo kwa kweli, kwa kuwa UPS nayo inapoteza umeme na betri haipaswi kumalizwa kabisa. Kinasa nacho kikiwekwa humo, piga hesabu upya. Kuweka ruta kwenye UPS na kuisahau swichi ni sawa na kutoweka kitu: mtandao wa waya utazimika wote.

RADI NA WAYA WA UANI

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na Tarime imo. Radi si lazima ipige nyumba. Ikipiga jirani, waya wa shaba uliopita nje kati ya majengo mawili huingiza msukumo wa umeme unaoua poti, swichi, na mara nyingine kompyuta iliyo mwisho wa waya. "Gadi" unayoweka kwenye soketi haisaidii hapa, kwa sababu umeme umeingia kwa waya wa mtandao, si kwa soketi.

Kwa mita 25 kati ya nyumba kubwa na steshenari, ushauri ninaoutetea ni faiba. Kioo hakipitishi umeme. Si lazima ununue swichi yenye tundu la faiba. Kuna vigeuzi vidogo viwili, kimoja kila upande, vinavyogeuza faiba kuwa waya wa kawaida, na kila kimoja kinataka soketi yake. Familia isipoweza, waya wa shaba upite ardhini ndani ya bomba na kuwekewa vizuia-radi vilivyounganishwa na ardhi pande zote mbili, na mawingu yakikusanyika uchomolewe. Njia ya mwisho ni ya bei rahisi kuliko zote ila inategemea mtu awepo nyumbani.

SWICHI YA KAWAIDA AU YA KUPANGIKA?

Swichi ya kawaida unaichomeka, inafanya kazi, haina cha kupanga. Ya kupangika ina ukurasa wa kuingilia kwa nywila, na moja ya mambo inayoweza ni kugawa swichi moja iwe kama kadhaa zisizoonana. Mgawanyo huo huitwa VLAN.

Wapangaji wetu wanataka intaneti. Wakiwekwa kwenye mtandao uleule, kompyuta zao zinaweza kuziona za steshenari na hata kujaribu nywila ya kinasa cha kamera. Ni lazima watenganishwe. Lakini je, ni lazima kwa swichi ya kupangika? Wapangaji wanatumia simu, na ruta nyingi za siku hizi zina Waifai ya wageni, iliyotengwa na mtandao wa ndani, yenye nywila yake. Hiyo inatosha. Siku wapangaji watakapotaka waya chumbani, ndipo tutazungumzia swichi ya kupangika, na ruta inayoielewa pia. Mtahiniwa anayependekeza kifaa ghali wakati cha nyumbani kipo hajajibu swali, amefanya biashara.

Kuna jambo moja ambalo swichi ya kawaida haiwezi kukusaidia. Mtu akifagia chumba, akaona waya umelala sakafuni, akauchomeka kwenye poti iliyo wazi bila kujua kwamba ncha ya pili nayo iko kwenye swichi hiyohiyo, mtandao unakufa. Fremu zinazotumwa kwa wote zinatoka upande mmoja, zinarudi upande wa pili, zinatolewa tena, bila mwisho, kwa sababu fremu ya Etheneti haina hesabu ya kuiambia imechoka. Dalili yake: taa zote zinawaka na kuzima kwa kasi kwa pamoja. Dawa yake kwa swichi kubwa ilibuniwa mwaka 1985 na Radia Perlman, mhandisi wa Kimarekani: swichi huzungumza zenyewe na kufunga njia iliyozidi. Swichi ndogo za nyumbani nyingi hazina dawa hiyo. Dawa ya nyumbani ni kubandika karatasi yenye jina kila ncha ya waya.

Na kwa familia isiyo na pesa mwezi huu: ruta ya zamani iliyoachwa kabatini inaweza kutumika kama swichi. Izimwe kazi yake ya kugawa anwani za IP, ipewe anwani isiyogongana na ya ruta mpya, kisha waya uchomekwe kwenye moja ya poti zake nne, si kwenye tundu la intaneti. Zinabaki tatu za kutumia.

SWALI LENYE JIBU

Familia moja ya Sirari ina ruta yenye poti 4 na vifaa 9 vya waya, vikiwemo kamera 5 za PoE zenye wati 8 kila moja. Dukani kuna swichi tatu. A: poti 8 zote za PoE, jumla wati 30. B: poti 8 zote za PoE, jumla wati 60. C: poti 16, haina PoE. Washauri wanunue ipi, na utoe sababu.

Jibu: Wanunue B. Kwa upande wa poti, A na B kila moja inatoa 4 + 8 − 2 = 10, zinazotosha vifaa 9. C inatoa 4 + 16 − 2 = 18. Kwa upande wa umeme, kamera zinahitaji 5 × 8 = wati 40. A ina wati 30, kwa hiyo itawasha kamera tatu tu (wati 24). B ina 60, inatosha. C ina poti za kutosha lakini kila kamera itahitaji adapta na soketi yake. Udhaifu wa B ni kwamba nafasi moja tu ya poti inabaki, kwa hiyo familia ikitarajia kuongeza vifaa zaidi ya kimoja itahitaji swichi ya pili.

Angalia sentensi ya mwisho ya jibu. Kutaja udhaifu wa ulichokichagua si kujipinga. Kunamwonesha msahihishaji kwamba umepima.

JARIBU MWENYEWE

1. Faili la gigabaiti 2.5 linahamishwa kati ya kompyuta mbili zilizounganishwa kwa swichi ya gigabiti, lakini linachukua zaidi ya sekunde 200. Onesha kwa hesabu kasi ambayo huenda inatumika, na utaje sababu mbili zinazohusu waya.

2. Swichi mpya imewashwa. Kompyuta P iliyo poti ya 1 inatuma fremu kwa kompyuta R iliyo poti ya 4. Eleza kinachoandikwa kwenye jedwali la swichi kabla R hajajibu na baada ya kujibu.

3. Steshenari iliyo mita 140 kutoka nyumba kubwa inataka kuunganishwa. Eleza kwa nini waya mmoja wa shaba hautafaa hata siku zisizo na mvua, kisha upendekeze njia mbili na useme ipi ungeichagua kwa Tarime.